Maswali ya Wasomaji: Leza, Zinki na Bati la Gari

Baada ya makala yetu fupi kuhusu jinsi bodi za magari zinavyochomelewa kwa leza, tumepokea barua nyingi kuliko ilivyo kawaida ya safu hii. Takriban zote zinalalamikia jambo moja: bati likiwa tupu kazi huenda vizuri, lakini likishapakwa zinki au alumini, mshono huharibika. Barua zilizouliza swali moja kwa maneno tofauti tumeziunganisha.

Shikamoo Mhandisi. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa mitambo. Katika maabara yetu tulipandanisha mabati mawili yenye zinki, kila moja likiwa na unene wa milimita 1, tukayabana barabara na kuyachomelea kwa leza. Yalitema matone ya chuma mpaka kioo kinachokinga lenzi kikachafuka, na mshono ukabaki na matundu. Mabati yasiyo na zinki, kwa mipangilio ileile, yalitoa mshono safi. Tulipunguza nguvu ya leza lakini haikusaidia. Tumekosea wapi?

Marahaba. Kosa limo ndani ya maneno yako mwenyewe, pale uliposema kwamba mliyabana barabara.

Chuma cha bodi ya gari huyeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi za Selsiasi, ilhali zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 na huchemka kwenye nyuzi 907. Kwa hiyo, kabla chuma hakijafikia hali ya kuungana, zinki iliyo jirani yake imekwisha kugeuka mvuke. Zinki ya uso wa juu haina madhara makubwa, kwa kuwa mvuke wake unapotea hewani, na ile ya uso wa chini vilevile ina pa kutokea. Inayoleta balaa ni ile iliyo katikati, pale mabati mawili yanapogusana, kwa sababu hapo kuna matabaka mawili ya zinki yaliyofungiwa pande zote.

Tufanye hesabu, maana bila hesabu jambo hili huonekana dogo. Tuseme kila uso wa bati una gramu 50 za zinki kwa mita ya mraba, kiasi ambacho ni cha kawaida katika mabati ya magari na ambacho ni sawa na unene wa mikromita 7. Nyuso mbili zinazogusana zina gramu 100 kwa mita ya mraba. Mshono wenye upana wa milimita 1 na urefu wa mita 1 utakuta katikati gramu 0.1 tu ya zinki, kiasi ambacho ukikishika kiganjani hutahisi uzito wake. Lakini gramu hiyo sehemu ya kumi, ikigeuka mvuke kwenye nyuzi 907 katika mgandamizo wa kawaida wa hewa, hujaza karibu sentimita 150 za ujazo, yaani zaidi ya mara 10,000 ya ujazo iliokuwa nao ikiwa yabisi. Mkichomelea kwa kasi ya mita 4 kwa dakika, mvuke huo wote unazaliwa ndani ya sekunde 15, na kila sekunde sentimita 10 hivi za ujazo zinatafuta mlango. Hesabu hii ni ya huruma, kwani eneo linalofikia joto la kuchemsha zinki ni pana kuliko eneo linaloyeyusha chuma.

Sasa tuangalie mlango wenyewe. Leza ya kilowati 4 ikikusanywa katika doa lenye kipenyo cha milimita 0.6 hutoa karibu megawati 1.4 kwa kila sentimita ya mraba. Kwa kiwango hicho chuma chenyewe huchemka chini ya mwale na kufungua kishimo chembamba kinachopenya bati la juu hadi la chini, na kuta za kishimo hicho ni chuma kilichoyeyuka. Mvuke wa zinki, uliobanwa kati ya mabati yasiyoachana hata kidogo, hauna njia isipokuwa kupasua kuta hizo. Ukizipasua, hurusha chuma juu kama matone, na hayo ndiyo yaliyochafua kioo chenu. Mvuke unaochelewa kutoka hukutwa na chuma kinachoganda, na huo ndio unaoacha matundu.

Mtaona basi kwa nini kupunguza nguvu hakukusaidia. Kiasi cha zinki kilibaki karibu kilekile, lakini kishimo kikawa finyu zaidi na dimbwi la chuma likaganda mapema. Wapo wanaofanya kinyume chake: hupunguza kasi, au hugawa mwale katika madoa mawili yanayofuatana, au huuyumbisha mwale kwa kioo kinachotikisika ili dimbwi libaki wazi muda mrefu zaidi. Mbinu hizi zinasaidia, nami sizidharau, lakini zinapunguza ugonjwa bila kuuponya. Kabla ya kugusa kitufe chochote cha leza, tazameni vibano vyenu. Mabati yangekuwa yamekutanishwa ukingo kwa ukingo badala ya kupandanishwa, kusingekuwa na zinki iliyofungiwa katikati, na huenda msingeandika barua hii.

Ndugu Mhandisi, nafanya kazi katika karakana ya majaribio. Nimeambiwa kwamba dawa ni kuacha nafasi kati ya mabati. Ni nafasi ya kiasi gani, na inashikwaje kwenye kipande kirefu kilichopindwa na presi? Je, si rahisi zaidi kukwangua zinki?

Nafasi inayotakiwa kwa mabati ya kawaida ya bodi ni kati ya milimita 0.1 na 0.2, yaani unene wa karatasi moja au mbili za kuandikia. Ikipungua hapo, mvuke unakwama. Ikizidi, chuma cha bati la juu hudidimia kuziba pengo, mshono ukabaki na bonde juu yake, na ukiendelea kuachanisha utafika mahali ambapo bati la juu linakatwa na la chini linachomeka bila kuunganishwa. Dirisha la kufanyia kazi ni hilo tu, na sehemu ya kumi ya milimita ni kitu ambacho bati lililotoka kwenye presi linaweza kukila lote kwa kujipinda lenyewe.

Katika majaribio, vipande vya geji ya kupimia nafasi vikiwekwa kandokando ya mshono vinatosha. Kiwandani haiwezekani kuweka kipande kwa mkono katika kila mlango wa gari, kwa hiyo leza yenyewe hupewa kazi hiyo. Kwanza mwale unapigwa kwa muda mfupi mno juu ya bati moja, mara nyingi kwa kuutoa kidogo kwenye kitovu chake na kuusogeza kwa kasi kubwa, hata chuma kinachoyeyuka kikasukumwa upande mmoja na kuganda kama kichuguu kidogo. Urefu wa kichuguu ndio nafasi unayoitaka. Vichuguu vikishapangwa, bati la pili linawekwa juu yake, vibano vinafungwa, kisha mwale uleule unarudi kuchomelea. Kwa vifaa vya kisasa vinavyoongoza mwale kwa vioo kutoka umbali wa nusu mita hivi, kazi zote mbili hufanywa na kichwa kimoja cha roboti.

Angalizo ambalo mafundi hulisahau: kibano kikikandamiza katikati ya vichuguu viwili, bati hupinda na kugusa la chini palepale ulipotaka libaki juu. Panga shinikizo la vibano lianguke juu ya vichuguu au karibu navyo, na lisiwe kubwa kiasi cha kuvibapa. Nimeona mishono ambayo mwanzo na mwisho wake ni safi kabisa, lakini kila baada ya umbali uleule kuna kundi la matundu. Ukiona mpangilio wa namna hiyo, usilaumu leza. Pima umbali kati ya matundu, kisha ulinganishe na umbali kati ya vibano vyako.

Kuhusu kukwangua, kunakubalika kwa sampuli ya maabara, wala si kwa uzalishaji. Kunakula muda, kunaleta vumbi, na kunaondoa ile kinga ambayo mnunuzi wa gari ameilipia.

Kama usumbufu ni mkubwa hivi, viwanda vilifuata nini kwenye leza? Uchomeleaji wa nukta kwa elektrodi za shaba ulikuwa na kasoro gani?

Uchomeleaji wa nukta haujaondoka, na sehemu kubwa ya viungo vya bodi za chuma bado inategemea nukta. Lakini elektrodi mbili lazima zifikie kiungo kutoka pande zote mbili, zinahitaji ukingo mpana wa kubania, na ncha zake za shaba hulika haraka kwa sababu zinki huingia ndani ya shaba na kufanya aloi laini. Leza hufika kutoka upande mmoja, huridhika na ukingo mwembamba zaidi, na mshono wake unaoendelea bila kukatika huipa bodi ukakamavu ambao nukta zilizoachana haziutoi.

Historia yenyewe ilianza na tatizo la upana. Mwaka 1985, kampuni ya Thyssen ya Ujerumani iliunganisha kwa leza mabati mawili yenye zinki kwa ajili ya sakafu ya Audi 100, kwa kuwa bati la upana uliotakiwa halikupatikana. Yalikutanishwa ukingo kwa ukingo, kwa hiyo walikwepa tatizo la mvuke tulilolizungumza. Leza za zama hizo zilikuwa za kaboni dayoksaidi, na mwanga wake wenye urefu wa wimbi wa mikromita 10.6 haupiti katika nyuzi za kioo, hivyo ulipaswa kuongozwa kwa vioo kila kona. Zilipokuja leza za mwanga wa mikromita 1 hivi, unaosafiri ndani ya uzi wa kioo hadi mkononi mwa roboti, milango ilifunguka. Volkswagen Golf iliyotoka mwaka 2003 ilikuwa na mishono ya leza ya takriban mita 70 katika bodi moja.

Mhandisi, sisi tunashughulika na vyuma vigumu vya nguzo za katikati ya gari, vinavyotiwa kwenye tanuri na kukandamizwa vikiwa moto. Mpako wake si zinki bali ni alumini na silikoni. Mshono wa leza unaonekana mzuri kwa macho, bila matundu wala matone, lakini baada ya tanuri na presi tukiuvuta unakatika pale pale kwenye mshono. Kasoro iko wapi?

Hili ndilo swali lililonifurahisha kuliko yote, kwa sababu kasoro yake imejificha mahali ambapo jicho halifiki.

Chuma mnachokitumia, bila shaka kile cha jamii ya 22MnB5, hupashwa moto hadi kati ya nyuzi 900 na 950, kisha hukandamizwa na kupozwa ghafla ndani ya kalibu zenye maji ya kupoza. Upoaji huo wa haraka hugeuza muundo wake wa ndani kuwa martensiti, na nguvu yake ya mvuto hufika megapaskali 1,500 hivi. Mpako wa alumini wenye silikoni karibu asilimia 10 umewekwa ili chuma kisiote magamba ya kutu ndani ya tanuri. Hadi hapo mpako ni rafiki.

Urafiki unaisha leza inapopita. Mpako huo ni mzito, takriban gramu 150 kwa mita ya mraba ukijumlisha pande zote mbili, nao hauchemki mapema kama zinki. Badala ya kutoroka ukiwa mvuke, unayeyuka na kumezwa na dimbwi la chuma. Kwa bati la milimita 1.5, lenye karibu kilo 11.8 za chuma kwa mita ya mraba, hiyo ni zaidi kidogo ya asilimia 1 ya uzito wa mshono, na haichanganyiki sawasawa, bali hubaki kama michirizi yenye alumini nyingi, hasa kandokando. Alumini ina tabia ya kuushikilia muundo laini wa chuma uitwao feriti hata kwenye joto kubwa. Kwa hiyo mnapokitia kipande kwenye tanuri, chuma kinachozunguka mshono hubadilika chote na kuwa tayari kugeuka martensiti, lakini ile michirizi haibadiliki. Baada ya kupozwa mnakuwa na kipande kigumu chenye mfupa laini katikati, na mvutano wote unakwenda kujikusanya hapo.

Njia ya kwanza ya kutibu ni kuondoa mpako kabla ya kuchomelea. Leza nyingine, yenye mapigo mafupi sana, hupita ukingoni na kufyeka tabaka la juu la alumini, huku ikiacha tabaka jembamba la aloi ya chuma na alumini lililoshikana na bati, ili ukingo usibaki uchi kabisa ndani ya tanuri. Njia ya pili ni kuuacha mpako mahali pake na kulisha waya ndani ya dimbwi, waya ambao kaboni au nikeli yake inarudisha uwiano ulioharibiwa na alumini, huku dimbwi likikorogwa vizuri kwa mwale unaoyumba. Binafsi naiamini zaidi ya kwanza, kwa kuwa inaondoa adui badala ya kumpatanisha, ingawa inadai mashine ya ziada.

Kabla hamjanunua chochote, kateni mshono mmoja uliokwisha kupita kwenye tanuri na presi, sugueni uso wa mkato mpaka ung'ae, kisha upakeni asidi ya nitriki iliyochanganywa na alkoholi. Chini ya darubini, martensiti itaonekana imekolea rangi na feriti itabaki nyeupe. Mkiona michirizi myeupe inayopinda ndani ya mshono, mtakuwa mmemwona mkosaji uso kwa uso. Mkipima ugumu wake, mtakuta uko chini sana kuliko wa chuma kinachoizunguka.

Je, bati lililozamishwa katika zinki ya moto, lililopakwa zinki kwa umeme na lile ambalo zinki yake imechanganyika na chuma ni mamoja mbele ya leza?

La. Lililopakwa kwa umeme lina mpako ulio sawa kila mahali, kwa hiyo tabia yake hutabirika zaidi. Lililozamishwa linaweza kutofautiana kidogo kutoka sehemu moja hadi nyingine. Lile la tatu, ambalo baada ya kuzamishwa hupashwa moto tena mpaka zinki ikachanganyika na chuma kwa karibu asilimia 10, kwa kawaida ni tulivu zaidi kuliko mengine mawili, ila mpako wake ni mkavu na unaweza kumeguka kama unga kwenye presi. Hakuna hata moja linalokuruhusu kusahau nafasi.

Kwa nini kiungo cha paa na ubavu wa gari kina mstari wenye rangi ya shaba kabla ya kupakwa rangi?

Kwa sababu hapo mabati hayakuyeyushwa, yaliunganishwa kwa waya wa shaba wenye silikoni karibu asilimia 3, unaoyeyuka katika joto la nyuzi 1,000 hivi. Joto hilo haliyeyushi chuma, zinki inayopotea ni kidogo zaidi, na mstari unaotokea ni laini kiasi kwamba hauhitaji kufunikwa kwa ukanda wa plastiki. Ni kiungo cha sura nzuri chenye nguvu ya kutosha kwa mahali pake.

Mmesema zinki inachemka na kutoweka. Je, mshono si ndio utakaokuwa wa kwanza kushika kutu?

Hofu hii ina msingi, ila huwa inakuzwa. Juu ya mshono wenyewe na kwenye ukanda mwembamba kandokando yake, zinki imeondoka. Lakini zinki hailindi chuma kwa kukifunika tu. Ikiwepo unyevu, huliwa yenyewe kwanza na kukiacha chuma, na kinga hiyo huvuka umbali mdogo hadi kwenye chuma kilicho uchi jirani yake. Kwa kuwa mshono wa leza ni mwembamba, kinga ya zinki iliyobaki pande zote mbili huweza kuufikia. Zaidi ya hapo, bodi yote huogeshwa katika dawa ya fosfati na kuzamishwa katika rangi ya msingi inayovutwa na umeme kabla ya rangi za juu.

Mahali pa kuogopa ni ndani ya kiungo kilichopandanishwa, ambamo rangi hupenya kwa shida, na kwenye mshono wenye matundu. Tundu lililo wazi huhifadhi maji na dawa, na rangi iliyopita juu yake hutumbuka ndani ya tanuri la kukaushia. Mtu akiniuliza kama aogope zaidi zinki iliyopotea au tundu lililobaki, nitamjibu aogope tundu.

Tunapochomelea mabati haya hutoka moshi mweupe, na baadhi yetu hupata homa usiku. Pia, miwani yetu ya kawaida ya kuchomelea inatosha kwa leza?

Moshi huo ni oksaidi ya zinki. Ukivutwa kwa wingi huleta homa, baridi, kikohozi na maumivu ya mwili saa kadhaa baada ya kazi, ambayo kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Kwa kuwa huisha, watu huzoea kuipuuza, na hilo ni kosa: homa hiyo ni ishara kwamba mfumo wa kunyonya moshi haufanyi kazi, au mdomo wake umewekwa mbali mno na mshono. Mwenye dalili zinazozidi siku mbili, au anayepumua kwa shida, aende kwa daktari na aeleze alichokuwa akichomelea.

Miwani ya kawaida haitoshi. Mwanga wa mikromita 1 hauonekani kwa jicho, lakini lenzi ya jicho huupitisha na kuukusanya juu ya retina, na hata mwale uliodunda kutoka kwenye bati linalong'aa unaweza kuharibu uoni kabla hujapepesa. Leza za kuchomelea ziko katika daraja la 4, daraja la juu kabisa la hatari, na kinga yake ya kwanza ni chumba kilichofungwa chenye mlango unaozima leza ukifunguliwa. Miwani ni kinga ya pili, na iwe ile iliyoandikwa urefu wa wimbi wa leza yenu pamoja na kiwango cha kuuzuia. Isiyo na maandishi hayo iacheni nje ya chumba.